Kabichi Zilizobaki Kijani

Mgeta, Alhamisi alasiri

Mwanangu Prisca,

Sikuulizi hali kwa sababu nimekuona ukitoka sasa hivi, umejifunga kanga yangu ya zamani, unakwenda kumuaga bibi yako ng'ambo ya mto. Mimi ni mzima. Nina muda mpaka utakaporudi. Kesho alfajiri lori la mboga litakushusha stendi ya Msamvu, na basi la kukupeleka chuoni Mbeya halitamngoja mtu.

Sitaandika habari za neti, wala za kuchemsha maji, wala za kukaa na wenzako bwenini. Hayo shangazi zako wamekwisha kukuambia mpaka umechoka. Nina jambo moja tu. Nimekaa nalo miaka minne, na ningeendelea kukaa nalo kama si maneno uliyoyasema Jumapili.

Ulisimama mbele ya wageni waliokuja kukuaga, ukasema mama yako ndiye aliyekufundisha kukubali kosa. Ukasema nilisimama mbele ya kijiji kizima nikakiri kwamba pampu ya dawa niliyoibeba mimi ndiyo iliyounguza kabichi, na kwamba ukiwa mtaalamu wa mimea ungependa kuwa mkweli kama mimi. Watu walipiga makofi. Mimi nilitazama sahani yangu. Ulinishika bega ukidhani nalia kwa furaha.

Sikulia kwa furaha. Nisome mpaka mwisho, halafu utaamua mwenyewe.

Unakumbuka tulivyokuwa akina mama saba, tunalima kwa pamoja lile shamba la ukoo wetu lililo chini ya shamba la Mzee Anselmi. Wenzangu walinichagua mwenyekiti wa kikundi kwa sababu, walisema, mimi sina papara. Maji yetu yalikuja kwa mfereji unaopita kwanza kwake. Na mpakani kwake ulikuwepo ule mparachichi mkubwa, uliotia kivuli mistari mitatu ya kabichi zetu. Nilimwomba mara mbili apunguze matawi, akakataa, akasema aliupanda na marehemu mkewe. Hatukugombana. Ila tangu hapo shikamoo yangu kwake ikawa ya haraka, naitoa huku natembea.

Mwaka ule viwavi waliingia kwenye kabichi, na pampu ya kikundi ilikuwa imevunjika mpini. Mjomba wako Gaspa alikuwa amekuja kututembelea kutoka Gairo, na kwenye mizigo yake alikuwa na pampu aliyoitumia kwenye mahindi yake. Aliponiazima aliniambia waziwazi, "Dada, humu mlikuwa na dawa ya magugu. Mahindi haiyadhuru, lakini mboga itaziua. Ioshe kwa sabuni mara tatu."

Nilimwitikia vizuri tu. Asubuhi yake mawingu yalikuwa yanashuka mlimani, nikaogopa mvua itanyesha kabla sijamaliza kupulizia dawa ya viwavi. Niliisuuza pampu mara moja kwa maji matupu. Nilipoiinamisha niliona tope jeupe limeganda chini. Nililiona, Prisca. Nikajiambia ni udongo tu, nikatia dawa ya viwavi juu yake, nikabeba pampu mgongoni na kupulizia shamba zima peke yangu.

Mvua niliyoiogopa haikunyesha. Jua liliwaka siku nne mfululizo. Siku ya tano nilikwenda shambani nikakuta majani ya chini yamekuwa ya njano kwenye kingo, na njano hiyo inaingia ndani katikati ya mishipa. Siku ya saba yalikuwa makavu, yanavunjika mkononi kama karatasi iliyopitishwa motoni.

Hapa ndipo nataka usome polepole. Wewe na watu wote mnaamini kwamba mimi sikujua. Mnaamini nilidhani kweli kwamba maji yametiwa sumu, na kwamba nilipokuja kuelezwa kuhusu pampu ndipo nikashtuka. Si kweli. Nilijua kabla sijamaliza kutembea mstari wa kwanza. Lile tope jeupe lilinijia machoni, na maneno ya Gaspa yakanijia pamoja nalo.

Wenzangu sita walifika wakanikuta nimesimama pale katikati. Hakuna aliyenilaumu. Mama Felista alilia. Halafu akafuta uso akasema, labda ni maji. Akanitazama mimi mwenyekiti, akingoja niseme kitu.

Nikasema, "Labda."

Sikumtaja mtu. Sikutunga hadithi. Nilikubali neno la mtu mwingine kwa sababu lilinipa nafasi ya kufika nyumbani bila kusema langu. Nilidhani jioni nitatulia, nitatafuta namna ya kuwaambia. Kumbe wakati natembea kurudi, wenzangu walikuwa wameshaona ile mistari mitatu iliyo chini ya mparachichi, yenye kabichi za kijani kabisa. Mmoja akasema Mzee Anselmi ametia sumu kwenye mfereji, ila ameelekeza maji mbali na mti wake asije akauua. Mwingine akakumbuka kwamba niliwahi kumwomba apunguze matawi. Kabla ya jua kuzama habari ilikuwa imefika mpaka gulioni, na ilikuwa imekamilika, ina sababu na ina ushahidi.

Siku mbili baadaye tuliitwa ofisi ya kijiji. Wewe ulikuwa shuleni, kwa hiyo hukuona. Mzee Anselmi alikuja peke yake, amevaa koti lake la kanisani. Alisema maji ya mfereji ule anayanywa yeye, mchicha wake unayanywa, waende wakautazame. Vijana walimzomea. Alingoja wanyamaze, akarudia maneno yale yale kwa sauti ile ile. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye alikuwa mtu wa haki, akanigeukia mimi akaniuliza kama pampu niliyotumia ilikuwa safi.

Nikasema, "Ilikuwa safi kabisa."

Mzee alinitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayedhani sijamaliza kusema, akaendelea kunitazama hivyo mpaka nikakaa.

Mchana huo vijana walibomoa mlango wa mfereji wake. Wakakata migomba yake kumi na kitu. Jioni mawe yakaanza kuanguka juu ya bati lake, moja moja, na sisi tuliyasikia kutoka hapa nyumbani. Kila lilipoanguka nilijiambia likianguka jingine nitatoka niseme. Yalianguka mengi. Keshoye binti yake, Tekla, alipanda kutoka Kihonda, kule mjini, akamchukua. Njia yao ilipita mbele ya mlango wetu. Nilikuwa jikoni. Nilisikia fimbo yake ikigonga mawe ya njia, ikasimama kidogo hapa nje, ikaendelea. Sikutoka.

Wewe ulirudi mwisho wa juma. Ulikuwa kidato cha tatu, na ulikuwa umeanza kuniudhi kwa maswali. Ulikwenda shambani ukachuchumaa chini ya mparachichi muda mrefu, ukarudi ukaniambia, "Mama, hizi zimebaki kijani kwa ajili ya kivuli. Siyo kwa ajili ya maji. Maji yamefika kote." Nilikuambia uache mambo ya wakubwa. Sauti niliyoitumia nadhani unaikumbuka.

Ukaacha kusema ukaanza kupanda. Ulichukua makopo manne ukapanda maharage, ukayaweka nyuma ya ghala na kuyaandika kwa mkaa. Kopo moja ulilimwagilia maji ya mfereji. Moja maji ya mvua. Mawili uliyanyunyizia maji uliyosuuzia pampu ya Gaspa, moja ukaliacha juani na jingine ukalifunika mkeka. Ulipokuwa shuleni nilikwenda kuyatazama kila siku. Nilitegemea yafe yote, au yasife hata moja. Lakini maharage ya maji ya mfereji yalistawi sawa na yale ya maji ya mvua. Ya pampu yaliyokuwa juani yaliungua vile vile kama kabichi zetu, kuanzia kingoni. Ya pampu yaliyokuwa chini ya mkeka yalififia kidogo, ila hayakuungua.

Mimi niliishia darasa la saba. Lakini makopo yale niliyasoma bila mwalimu.

Mwanangu, mbuzi hakuangusha makopo yako. Niliyamwaga mimi. Niliyamwaga nyuma ya choo, nikayakanyaga yakabonyea, nikayatupa korongoni. Uliporudi nilikuambia mbuzi amekata kamba. Wewe ulimfunga yule mbuzi kwa kamba fupi ukarudi shule, akakaa hivyo wiki nzima akilia anataka kufikia majani, na mimi nilipita hapo asubuhi na jioni nikimsikia, nisiilegeze ile kamba.

Sijui ulinishuku au hukunishuku. Ninachojua ni kwamba hukulia. Ulibeba pampu shuleni bila kuniambia, ukaanza upya na Mwalimu Shija wa baiolojia, na baada ya majuma matatu aliniita.

Nilikwenda nimejiandaa kugomba. Mwalimu Shija alinipokea kwa heshima, akanipa kiti, na hakuzungumzia kijiji hata kidogo. Alisema mwanafunzi wake angependa kunionyesha kitu. Wewe ulikuwa umechukua mmea ule laini wa kijani unaoota juu ya mawe ya mtoni, umebandua jani lake moja dogo kuliko ukucha, ukaliweka kwenye kioo chini ya hadubini. Ukaniambia nifumbe jicho moja.

Mwanzoni niliona kope zangu tu. Kisha vikatokea vyumba, kimoja kando ya kingine, na ndani ya kila chumba punje za kijani za mviringo zimejipanga ukutani. Nilikuwa nimelima tangu nilipoweza kushika jembe, na siku zote nilidhani jani ni la kijani kama nguo iliyotiwa rangi. Sikujua kwamba jani lenyewe halina rangi, kwamba ukijani wote umo ndani ya zile punje. Ukaniambia zinaitwa kloroplasti. Ulinisimulia taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto, na sikuudhika. Ulisema ndani ya kila punje mna utando uliopangwa kama chapati juu ya chapati, na kwenye utando huo mna klorofili inayonasa mwanga wa jua. Mwanga ukishanaswa, nguvu yake inapasua maji, hewa tunayoivuta inatoka hapo, na nguvu iliyobaki inapitishwa kutoka mkono hadi mkono mpaka mahali ambapo hewa chafu inageuzwa sukari. Kila tulichowahi kula, ulisema, kilianzia humo.

Nikakuuliza dawa ya magugu inafanya nini. Nilijua kwamba nikiuliza sitaweza kurudi nyuma, lakini nikauliza.

Ukaniambia nikumbuke tulivyojenga darasa, tulivyosimama mstari tukipitishiana matofali. Dawa inamtoa mtu mmoja kwenye mstari na kukaa mahali pake, wala haipokei tofali. Matofali yanaendelea kuja kwa sababu jua haliachi kuwaka. Nguvu iliyonaswa inakosa pa kwenda, inaigeukia kloroplasti yenyewe na kuiunguza. Ndiyo maana kabichi za juani zilikufa kwanza. Kivulini mwanga ulikuwa mdogo, kwa hiyo hasara ilikuja polepole. Mahindi yanaweza kuivunja ile dawa kabla haijafanya kitu. Kabichi haziwezi.

"Kwa hiyo ni jua lililoziua?" nikauliza.

"Jua na pampu, mama," ukasema. Ukashusha macho. Mwalimu Shija alitoka nje, akatuacha.

Wewe uliona ninalia ukadhani ndiyo kwanza nimejua. Nikakuacha udhani hivyo. Niliposhuka Kihonda kwa Mzee Anselmi nilimwambia hivyo hivyo, kwamba pampu ilikuwa chafu na sikujua. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nenda ukaseme pale pale uliposema yale mengine." Nikaenda. Nilisimama ofisi ya kijiji nikasema pampu ilikuwa chafu, sikujua, nisameheni. Wakanisamehe siku hiyo hiyo. Mama Felista alinikumbatia. Vijana waliutengeneza mfereji, wengine wakashuka Kihonda kumwomba Mzee msamaha. Nilikuwa nimejiandaa kuvuliwa uenyekiti, nikabaki mwenyekiti.

Mtu asiyejua husamehewa upesi. Hilo nililijua nilipokuwa nachagua maneno.

Mzee hakurudi. Nyonga yake iliharibika mwaka ule ule akiwa kwa Tekla, na njia zetu hizi haziwezi tena. Kila niliposhuka mjini nilipita kumsalimia, nikampelekea maparachichi ya mti wake. Alikuwa akikuulizia wewe kuliko alivyoniulizia mimi. Ulipofaulu kidato cha sita alimwambia kila mtu mtaani kwao.

Baada ya maneno yako ya Jumapili sikuweza kulala vizuri wala kula. Jumanne niliposema nakwenda mjini kukutafutia begi, nilikwenda kweli kutafuta begi, lakini nilianzia Kihonda. Nilimkuta amekaa kibarazani. Nilimwambia yote. Tope nililoliona, neno "labda", jibu nililolitoa mkutanoni, makopo yako. Nilisema bila kupumzika kwa sababu niliogopa nikipumzika nitapunguza.

Alisugua goti lake. Kisha akasema, "Miaka yote hii Tekla ananiambia ulijua. Mimi ndiye ninayekutetea. Nimegombana na mwanangu kwa ajili yako."

Sikujua kwamba nilikuwa nimeingia mpaka humo, katikati ya baba na binti yake. Tekla alikuwa amesimama mlangoni na alikuwa amesikia. Hakupaza sauti. Aliniambia nichukue mkoba wangu niondoke, na nisirudi tena kwenye nyumba ile. Nikainuka. Nilipofika kwenye ngazi Mzee akaniita. Akasema kwa taabu, akitazama barabarani na siyo usoni kwangu, "Uje, Mama Prisca. Lakini si karibuni. Nitakuita mimi."

Jana nimewaambia akina mama wa kikundi. Nilidhani watapiga kelele. Mama Felista alisimama akaondoka bila kuniaga, na wengine wakamfuata mmoja mmoja. Leo asubuhi waliniletea ujumbe nikabidhi funguo za ghala, nimekabidhi. Umeniuliza mbona nyumba haina wageni siku ya mwisho, nikakujibu watu wako mashambani. Huo ndio uongo wa mwisho niliokuambia, na nilikuambia kwa sababu barua hii ilikuwa haijaandikwa.

Sina mawaidha makubwa. Unakwenda kusomea zile punje za kijani, na watu watalima kwa kufuata neno lako, na siku moja utaona chini ya pampu kitu ambacho hukutaka kukiona. Naweza kukusimulia tu jinsi inavyokuwa, maana nilikuwepo. Hujisikii kama mwongo. Unajisikia kama mtu anayeomba siku moja zaidi. Unaipata hiyo siku, na mtu mwingine ndiye anayeilipia kwa mawe juu ya bati lake. Na wewe ulipokuwa na miaka kumi na sita ulichuchumaa chini ya mti ukasema ulichokiona, ukaambiwa unyamaze, ukapanda upya. Hilo hukulipata kwangu. Usije ukanishukuru tena kwa hilo mbele ya watu.

Nakusikia unaongea na mtu huko chini njiani, kwa hiyo namalizia. Barua nitaiweka ndani ya daftari lako la juu kwenye begi, utaikuta ukiwa basini. Nilifikiri nikupe mkononi nikashindwa, na hilo nalo lijue.

Usijilazimishe kunipigia simu ukifika. Mtumie baba yako ujumbe huko anakofanya kazi kwenye mashamba ya miwa, ataniambia umefika salama. Ukitaka kuniambia nije lakini si karibuni, niambie hivyo hivyo, nami nitangoja uniite.

Ni mimi, mama yako.